Mbege ya Kula kwa Kijiko

Mtori ukigandishwa hauwi aiskrimu. Unakuwa mtori uliofariki. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu, kwa kadiri nijuavyo, mimi ndiye mtu wa kwanza katika mji wote wa Moshi kuula ukiwa katika hali hiyo, nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta, nimefunga aproni nyeupe, huku mwajiri wangu akinitazama kwa ule upole ambao watu huuweka akiba kwa ajili ya kutembelea wagonjwa. Ndizi za supu ile zilikuwa zimejitahidi. Lakini mafuta ya nyama yaliganda juu ya ulimi wangu kama mshumaa, na kila nilipomeza, mshumaa ulibaki. Nilipopata tena sauti nilimwambia kwamba ladha ile ilikuwa na mustakabali.

"Mustakabali wake uko mtaroni," akasema. "Safisha mashine."

"Bosi, angalau onja."

"Mimi nimezaliwa Moshi, msomi. Mtori naufahamu, naupenda, naupa heshima yake. Siwezi kuutazama ukiwa hivyo."

Mashine tuliyoidhalilisha hivyo ilitoka Italia. Ilikuwa miaka ile ambayo milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, na kila mwenye ndugu ng'ambo alileta kitu: huyu mitumba, yule kanda za video, mwingine dawa ya kulainisha nywele. Mwajiri wangu, Mhindi ambaye babu yake aliuza majembe mjini hapo na baba yake akauza majembe mjini hapo, alikata shauri kwamba ukoo wake ulikuwa umeshatoa mchango wa kutosha katika kilimo, akaleta mashine ya jelato. Fundi wa Kiitaliano alikuja kuifunga. Alitufundisha kwa mikono zaidi ya maneno, na kabla ya kuondoka alituapisha, karibu kwa machozi, kwamba kitu kile tusikiite aiskrimu. Aiskrimu, alieleza, ni hewa iliyopakwa maziwa. Jelato hukorogwa taratibu, haibebi hewa nyingi, haigandi ikawa jiwe, na ladha yake haijifichi. Tuliapa. Siku aliyopanda ndege tuliandika mlangoni AISKRIMU kwa herufi kubwa, maana hakuna mtu Moshi ambaye angevuka barabara kulifuata neno asilolijua.

Inanipasa nieleze jinsi mtu mwenye stashahada ya maendeleo ya jamii alivyofika nyuma ya kaunta ile. Chuoni tulifundishwa kwamba tutatumwa vijijini kuuamsha umma. Tulipohitimu, serikali ilikuwa imeacha kuajiri, na umma ulikuwa umeamka wenyewe alfajiri na kwenda kuuza mitumba. Nilipanga chumba Rau, karibu na msitu, ambako mbu walikuwa wapangaji wa siku nyingi kuliko mimi na walinitoza kodi yao kila jioni. Nikatafuta kazi. Nikapata hii. Nilijiambia kwamba uwanja wa mapambano hauchaguliwi na mpambanaji, kauli ambayo ilinisaidia sana wakati wa kuosha vikombe.

Nilikuwa na imani moja kubwa, na ninayo bado: mkulima ambaye hajawahi kuonja zao lake amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko bei. Baba yangu, kule kwetu Kibosho, alitunza mibuni tangu ujana wake. Aliipogoa, aliipulizia dawa, alichuma, aliambua, alianika, alipeleka mnadani. Kisha alirudi nyumbani akanywa chai ya majani. Nyumba nzima ya wakulima wa kahawa, na kahawa ndani hakuna hata ya kumkaribishia padri! Nikamweleza mwajiri wangu kwamba tulikuwa na wajibu wa kihistoria wa kutengeneza jelato ya kahawa ya mlimani kwa ajili ya wana wa mlimani.

"Nimekuajiri ugandishe maziwa," akasema. "Hukuajiriwa kumkomboa mkulima."

"Vyote viwili vinawezekana kwa mashine moja, bosi."

Alicheka mpaka akaketi. Alikuwa na udhaifu mmoja, nao ni udadisi. Vinginevyo angekuwa bado anauza majembe. Akanipa Jumatatu, siku ambayo wateja walikuwa haba, iwe siku yangu ya majaribio.

Kahawa ilifaulu mara ya kwanza. Nilimleta baba yangu mjini kwa heshima zote, nikamketisha dirishani, nikamwekea kikombe mbele yake, nikasubiri historia ijirekebishe. Akaonja. Akatafakari. "Kumbe ndiyo hii," akasema. Akaonja tena, kwa adabu, kama mtu anayesalimiana na shemeji waliyegombana naye. Kisha akauliza kama duka lile lilikuwa na chai.

Sikukata tamaa. Nilitengeneza ya parachichi na chumvi, ambayo watoto wa shule waliila kwa kushindana nani atavumilia. Nilitengeneza ya asali ya msituni na tangawizi. Hiyo hata fundi wetu wa Kiitaliano angeivulia kofia. Ya ndizi mbivu zilizochomwa juu ya mkaa ilipendwa na wazee wasio na meno. Ya maziwa ya kibuyu, yaani maziwa mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, ilikuwa na harufu ya utoto wangu mzima. Mama mmoja muuza mboga aliionja akaniuliza kwa wasiwasi kama nyaya za friji yetu zilikuwa zinaungua. Mwajiri wangu naye, kwa upande wake, alitengeneza ya pista, ya iliki na ya zafarani, na kila Jumapili jioni jamaa zake walijaa dukani wakaimaliza yote, bila hata mmoja kuniuliza habari za mkulima.

Mtu pekee aliyeonja kila ladha niliyowahi kuibuni alikuwa mchumba wangu. Wakati huo alikuwa anamalizia mafunzo ya uuguzi. Alikaa kwenye stuli karibu na kaunta, akaweka kila kijiko juu ya ulimi, akakiacha kiyeyuke chenyewe bila haraka kama nilivyomwelekeza, kisha akatoa hukumu. "Hii chumvi imekuwa ya kutibu kuhara." "Hii nipe nyingine." Mtori ndio pekee aliokataa, kwa sababu alizoziita za kitaaluma. Nilimpenda kwa dhati, na ndipo shida yangu ilipoanzia, kwa sababu kwao ni Masama, na Masama kulikuwa na wazee wawili.

Wa kwanza alikuwa baba yake. Mzee huyu alikuwa amekunywa sana ujanani, kisha akaokoka, na kama wengi waliookoka kutoka mbali alikuwa na hofu ya kurudi. Alikuwa ameapa kanisani, mbele ya watu wote, kwamba maadamu yu hai pombe haitanywewa tena ndani ya kihamba chake. Na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na mibuni lenye nyumba zao zote ndani yake, kilikuwa na mpaka wa masale uliopandwa na mababu, kwa hiyo kila mtu alijua kiapo kile kilianzia wapi na kuishia wapi.

Wa pili alikuwa babu yake, baba wa huyo baba, aliyeishi katika kihamba hicho hicho, hatua chache kutoka kwa mwanawe. Babu ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, na posa yoyote ilipaswa kusikilizwa naye. Kwake posa haikuwa na sikio bila mbege, pombe yetu ya ndizi mbivu na ulezi, inayotiwa uchungu kwa ganda la mti wa msesewa. Wageni huja na mbege yao. Mshenga wao anaonja kwanza mbele ya wote, ili ionekane haina hila. Kisha kata, kile kibuyu chenye mpini, inakwenda kwa mkubwa wa wenyeji, kutoka kwake kwa anayemfuatia, na kuendelea; na hakuna anayeruhusiwa kutaja kilichowaleta wageni mpaka kata irudi tupu. Mambo yote yakiisha, mwishoni kabisa, binti anaitwa. Akipokea na kuonja, amekubali.

Basi baba hakuruhusu mbege inywewe, na babu hakusikia neno bila mbege kunywewa. Walikuwa wanapendana, watu hawa wawili. Walisalimiana kila asubuhi. Ila dada mkubwa wa mchumba wangu alikuwa amengoja kati yao mpaka akachoka, akatorokea Arusha na mchumba wake bila baraka ya mtu yeyote, na tangu hapo jina lake halikutamkwa katika nyumba yoyote kati ya zile mbili.

"Mimi sitatoroka," mchumba wangu aliniambia siku moja, kijiko mkononi. "Nataka kutoka kwa mlango, mchana, watu wote wakiniona."

"Na wasipokubali kuanza kuzungumza?"

"Basi utaendelea kunilisha aiskrimu mpaka tuzeeke, kila mtu akilala kwao."

Niliingia katika tafakuri. Nilisoma maandiko, nilipima hoja, nilijaza karatasi kwa mishale na miduara kama tulivyofundishwa kufanya penye mgogoro wa jamii. Na Jumatatu moja, nikiwa natazama mashine ikikoroga, nikaona njia. Baba aliapa kwamba pombe haitanywewa. Babu alitaka mbege iletwe, ionjwe, izunguke. Vipi kama ingeletwa mbege ambayo hainywewi, bali inaliwa?

Nilipomweleza mchumba wangu, aliweka kijiko chini. "Wewe unataka kuoa," akauliza, "au unataka kuandika tasnifu?"

Nilimwendea baba yake. Aliisikiliza hoja yangu yote kwa uzito, kwani naye alikuwa mtu wa hoja.

"Inaliwa kwa kijiko?"

"Kwa kijiko, mzee."

"Mtu hawezi kulewa?"

"Labda ashikwe na mafua."

Akafikiri. Akasema keki ya Krismasi hutiwa brandi, na mchungaji huila, tena hurudia. "Ya kijiko naikubali," akasema. "Lakini ya kijiko tu."

Nikaenda kwa babu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndani yake mna nini?"

"Mbege, babu. Mbege aliyoipika mama yangu, na maziwa, na sukari kidogo."

"Msesewa umo?"

"Umo."

"Ilete."

Hakuuliza kama inanyweka, kwa kuwa tangu azaliwe hakuwahi kukutana na mbege isiyonyweka. Nami sikueleza zaidi, kwa kuwa nilidhani kila mtu aliyesikia neno aiskrimu huona barafu akilini mwake. Hapo ndipo sote watatu tulipokosea, kila mmoja kwa uaminifu mkubwa.

Kuitengeneza kulinitoa jasho. Kilevi hakipendi kuganda, na kila nilipoimimina mbege mashinani ilizunguka, ikazunguka, ikatoka kama uji wa mgonjwa.

"Pombe yako imekataa kuokoka," mwajiri wangu akasema.

Niliongeza maziwa, nikapunguza mbege, nikatia unga wa ulezi kidogo ili ishikamane. Siku ilipokubali tulisimama pande mbili za mashine, kila mtu na kijiko chake. Kwanza ulikuja ugwadu, kisha ndizi, kisha kitu cha udongo kutoka kwenye ulezi. Na ulipodhani imekwisha, uchungu wa msesewa ukachungulia kutoka nyuma ya ulimi, kama mtu anayebisha hodi wakati umeshazima taa. Nilifumba macho. Nimefanya mambo machache mazuri maishani, na hili ni mojawapo.

Mwajiri wangu alilamba kijiko pande zote. "Mwaka mzima unanilisha parachichi na chumvi," akasema kwa uchungu, "na ulikuwa na hii kichwani?"

Akanipa pikapu yake ya duka. Niliijaza jelato kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaiweka ndani ya pipa lenye barafu na chumvi, nikazungushia maranda na magunia, kwa kuwa hofu yangu yote ilikuwa joto. Barabara ya kutoka mjini ni ya jua, na soko la Kwa Sadala siku ile lilikuwa linachemka kwa watu na vumbi. Nilipita pale nikijipongeza. Kisha tukaanza kupanda kuelekea Masama, na nikakumbuka kwamba tulikuwa mwezi wa Julai. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba kama blanketi lililoloa. Wazee waliotungoja walikuwa wamevaa makoti mazito na kofia za sufu, na pumzi zao zilionekana.

Nilikuwa nimejiandaa dhidi ya jua. Dhidi ya Julai sikuwa na maandalizi yoyote.

Mshenga wangu alikuwa baba yangu mkubwa, mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu mwenye sauti ya mnadani. Nilikuwa nimemsihi aionje jelato kabla ya siku hiyo akakataa kabisa. "Nimeonja mbege kabla baba yako hajaota meno," alisema. "Utanifundisha nini?" Tukaketi kwenye mabenchi ndani ya nyumba ya babu, karibu na moto. Baba wa mchumba wangu aliketi mwishoni, Biblia mapajani. Shangazi yake, dada wa huyo baba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliingiza ndoo na kuifunua.

Watu wote waliinama kutazama.

Baba mkubwa alizamisha kata. Kata ilikataa kuzama. Shangazi akaleta kijiko cha kupakulia, na baba mkubwa, kwa heshima ya ukoo wetu, akachota kilima kizima, akakitia kinywani chote kwa mara moja, kama mtu anavyopiga funda la mbege, akameza.

Kwa muda mfupi alionekana mwenye furaha. Kisha baridi ikampanda kichwani. Akajishika paji la uso kwa mikono miwili. Macho yakamtoka, yakafumba, yakatoa machozi. Akapiga mguu chini na kunguruma, "Yesu na Maria!", kisha akainama mbele mpaka kofia ikadondoka.

Nikumbushe hapa kwamba mshenga huonja kwanza ili ionekane kilicholetwa hakina sumu.

Benchi zima la wenyeji lilisimama. Biblia ilianguka. "Maziwa!" shangazi akapiga kelele. "Mleteeni maziwa, amekula kitu!" Maziwa yakaja mbio, ya vuguvugu, akanyweshwa kwa nguvu, mengine yakamwagikia kwenye koti la heshima.

"Ni baridi tu!" nikasema. "Itapita!"

Babu alinigeukia polepole. Mposaji katika shughuli ile ni kama fanicha, haongei. "Huyu ndiye anayetaka kuoa?" akauliza. "Kumbe ana ulimi."

Baba mkubwa aliinua uso uliolowa. Akajaribu kuirudisha sauti ya mnadani. "Meku," akasema, akimwita babu kwa Kichagga, kwa heshima, "samahani. Ni nzuri. Ni nzuri sana. Ila inauma kichwa."

"Mbege inauma kichwa kesho yake," babu akasema. "Hii yenu inauma kabla mtu hajalewa. Mmeigeuza."

Akaikaribia ndoo. Akaichoma kwa ncha ya fimbo yake. Akanusa. Nikaona uso wake ukilainika, maana harufu ilikuwa yenyewe kabisa. "Ni mbege, au si mbege?" akanihoji.

"Ni mbege, babu."

"Basi inaumwa. Tutangoja ipone. Iwekeni karibu na moto."

Shangazi akaisogeza ndoo jikoni, kwenye mafiga. Ndipo baba wa mchumba wangu, ambaye mpaka wakati huo hakuwa amefungua kinywa, aliposimama.

"Ikiyeyuka itanywewa," akasema.

"Ndiyo maana inayeyushwa," akajibu baba yake.

"Mimi nilikubali ya kijiko."

"Mimi nilikubali mbege."

Wote wawili wakanitazama. Nilifungua kinywa nieleze jinsi hoja ile ilivyojengwa, hatua kwa hatua, na jinsi pande zote mbili zingeweza kuridhika endapo tu kila mmoja angeila haraka kiasi. Baba mkubwa akanikanyaga mguu.

Baba mtu akaenda jikoni, akaibeba ndoo mwenyewe, akaitoa nje na kuiweka chini ya migomba, kwenye ukungu. Babu akamtuma shangazi aifuate. Ikarudi jikoni. Baba akaitoa tena. Hakuna aliyepaza sauti. Walikuwa watu wa adabu sana, na mgogoro mzima uliendeshwa kwa kuhamisha ndoo. Sisi wengine tulibaki tumekaa, tukizungumzia mvua, ndama na wadudu wa kahawa, kwa kuwa kata haikuwa imezunguka, na kilichotuleta kilikuwa hakijatajwa, ingawa hata kuku walikuwa wanakijua. Nilitazama mlango. Nilifikiria dada yule wa Arusha. Nikaelewa, kwa mara ya kwanza bila mishale wala miduara, jinsi mtu anavyoweza kuzeeka akiwa katikati ya watu wawili wema.

Safari ya mwisho ndoo haikufika popote. Baba alikuwa ameshika mpini upande wake, shangazi amekamata upande wake, na wamesimama kizingitini, nusu ndani, nusu ukunguni, hakuna anayevuta wala anayeachia. Ndipo mchumba wangu alipotokea jikoni, ambako alipaswa kukaa mpaka aitwe. Alikuwa na kijiko chake mwenyewe.

"Shikamooni," akasema kwa watu wote.

Akapiga goti kando ya ndoo, akafunua mfuniko, akachota. Akakiweka kijiko juu ya ulimi, akaacha kiyeyuke bila haraka, kama tulivyozoea dukani. Hakushika kichwa. Akameza, akachota tena, akala.

"Ulezi umezidi," akaniambia.

Kila mtu mle ndani alijua kwamba binti huonja mwisho wa yote, na kwamba akionja amekubali. Yeye alikuwa ameuchukua mwisho na kuuweka mwanzoni, mbele ya ukoo mzima, kwa kijiko cha chai.

"Mjukuu wangu," babu akasema, "unajua ulichofanya?"

"Ndiyo, babu. Nimekula."

"Unajua maana yake?"

"Ninajua. Ndiyo sababu nimekuja kula hapa. Kama ingekuwa njaa tu, ningekula jikoni."

Baba yake aliachia mpini wa ndoo. "Amekula," akasema taratibu, kama mtu anayejisomea. "Hakunywa."

"Amekubali," babu akasema. "Hakungoja." Alimtazama kwa muda mrefu, na sikujua kama nitaona hasira au nini. "Yule mwingine nilimngojesha, akaenda. Huyu hangoji." Kisha akageuka na kumnyooshea fimbo baba yangu mkubwa. "Mshenga! Sema kilichokuleta. Sema upesi, kabla hajaimaliza."

Baba mkubwa, ambaye alikuwa ameandaa hotuba yenye ng'ombe, mababu na theluji ya mlima, alitoa maneno machache kuliko yote aliyowahi kuyatoa: "Tumekuja kuomba binti, meku."

"Mmempata. Kaeni tuzungumze."

Tulizungumza mpaka ukungu ukawa giza. Wakati huo kilichobaki ndooni kilikuwa kimepona kabisa, na babu aliomba kata yake. Mkwe wangu mtarajiwa aliliona jambo hilo likija. Akainuka, akachukua kiti chake, akakipeleka mlangoni, akaketi akiwa ametugeuzia mgongo na kutazama mibuni, ambako kulikuwa hakuonekani chochote. Nyuma yake babu alikunywa, akafuta mdomo, akasema, "Aika," yaani asante, kwa sauti ndogo sana, ya kumstahi mtu aliyekuwa anatazama mibuni.

Dukani ladha ile haikudumu. Waliookoka waliiogopa, na wasiookoka waliiacha kikombeni mpaka iyeyuke kisha wakalalamika kwamba ni kidogo. Mwajiri wangu akairudisha zafarani mahali pake. Baba yangu bado anakunywa chai.

Lakini siku ya harusi mchumba wangu alitoka kwa mlango. Ilikuwa mchana, na jua lilikuwa kali hata kwa Masama. Dada yake wa Arusha alikuwa mbele, ameshika shada, baada ya babu kutuma watu wakamlete. Kuhusu mbege ya siku hiyo, pipa zima la mbege ya mama yangu, isiyo na maziwa wala barafu, babu alikuwa ameshatoa uamuzi wake: iwekwe ng'ambo ya masale, barabarani, nje ya kihamba. Hilo mtu yeyote angeweza kulifikiria miaka mingi kabla yangu, na bila stashahada. Ila lilimtaka mkubwa wa ukoo aondoke kwenye kiti chake na kwenda kusimama nje ya lango lake mwenyewe, kama mgeni asiyekaribishwa, katikati ya mbuzi na wapita njia. Alisimama huko tangu asubuhi, na koti lake zito, kata mkononi. Tulipolivuka lango alininyooshea kata kwanza mimi.

"Onja," akasema. "Wewe ndiye mwenye hila."